Barakoa ya 3M 6200 na vichujio 6055 kwa udongo uliomwagikiwa petroli

Kwa mafundi wanaofukua matangi ya zamani ya petroli, barakoa hii ya nusu uso inafaa sana. Benzini iliyomo kwenye mvuke husababisha saratani ya damu, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. 6200 ni saizi ya kati. Uso mwembamba uchukue 6100. Ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu: mpira ukinywea usoni, haivuji. Ndevu huharibu kila kitu. Mkaa ulio ndani ya vichujio, unaonasa mvuke, hushiba, upesi zaidi penye unyevunyevu, kwa hiyo panga muda wa kubadilisha, usingoje harufu. Na shimoni kusikopita hewa usiingie nayo kabisa: haileti oksijeni.