Pedi za kung'arishia rangi ya gari: ipi ununue kwanza ukiwa Tanga

Ikiwa hela inatosha mashine ya bei mbaya na pedi moja, au mashine ya wastani na pedi tano, chukua hiyo ya wastani. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloilinda rangi, kwa gari nyingi kutoka kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 60 hivi, yaani kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kinachoigusa ni pedi, si mota.

Nafasi ya kwanza: sponji ya ugumu wa kati. Hii ndiyo ya kuanza nayo, hasa kwenye mashine ya DA, ile inayozunguka huku ikiyumba. Inaondoa mikwaruzo ya kuoshea, ile miduara inayojitokeza jua likipiga boneti, na bado inaacha mng'ao. Nunua zaidi ya moja. Pedi ikishiba kompaundi (dawa ya kung'arishia) na vumbi la rangi inapata moto na kuanza kukwaruza, na joto letu la pwani linaikausha kompaundi upesi. Kwa hiyo piga asubuhi, kivulini, paneli moja moja, na ubadilishe pedi mapema. Gari inayolala Raskazone ioshwe kwanza mpaka chumvi na mchanga viishe: mkwaruzo wa mchanga ulionasa kwenye sponji ni mgeni wa Tanga, waja leo, kuondoka majaliwa.

Usinunue kwa rangi ya sponji. Hakuna utaratibu mmoja. Rupes ya Italia imeweka buluu kuwa kali na nyeupe kuwa laini kabisa, wengine wana mpangilio wao. Ibonyeze kwa kidole, kisha soma pakiti.

Ya pili: sponji laini. Ya kumalizia. Gari nyeusi inaihitaji kuliko nyeupe, maana nyeusi haifichi kitu.

Ya tatu: maikrofaiba. Inakata haraka kuliko sponji, ila inapata moto zaidi na nyuzi zake hulala zikijaa uchafu. Ukiichukua, chukua na brashi ya kuzichambua.

Ya nne: manyoya ya kondoo. Mafundi rangi wanaipenda, na wana sababu: baada ya kupiga msasa wa maji kwenye rangi mpya, hakuna inayofuta alama za msasa upesi kama hii. Lakini huacha ukungu unaodai sponji baadaye. Kwa mwenye IST yake anayetaka ing'ae tu, ni kali mno.

Ya mwisho, na mimi siihesabu kabisa: pedi ya kufunga kwenye grinda. Nati ya M14 inaingia vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya kuzunguka tu hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Kwenye bampa ndiyo balaa, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati, na kwenye kingo za mlango rangi ni nyembamba.

Kwa kipimo, mashine yenye sahani (pale pedi inaposhika) ya inchi 5 inataka pedi ya inchi 5 na nusu hivi, iizidi sahani kidogo pande zote ili ukingo mgumu usigonge rangi. Ivute velkro ya mgongoni mwa pedi dukani uone kama gundi imeshika. Za bei chee huachia zikipata joto.

Na uwe na pedi moja nyeupe au ya rangi hafifu. Gari yenye klia haipaswi kuacha rangi yake kwenye pedi. Ikiacha, umeshaimaliza klia, zima mashine. Ila gari iliyopulizwa rangi bila klia itaichafua pedi tangu mwanzo, na hiyo ni kawaida yake. Muulize aliyeipaka kabla hujalipia chochote.