Variateri kwenye feni za viyoyozi, Lubumbashi: uzoefu wangu

Ninasimamia mitambo ya jengo la ofisi katikati ya Lubumbashi. Kiyoyozi chetu ni cha jengo zima: feni mbili kubwa, kila moja na mota ya kilowati 15, zinasukuma hewa kwenye mifereji ya mabati hadi ghorofa ya juu. Tangu tuzifungie variateri (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde), sitaki tena kusikia habari ya kuziwasha moja kwa moja.

Kilichonifurahisha kwanza si bili, ni jenereta. Mota ya namna hii ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache huvuta mkondo mara sita hivi au zaidi ya ule wa kawaida. Umeme ukikatika saa za kazi, feni ilikuwa ikianza, jenereta inakoroma, taa zinafifia, kompyuta zinazimika. Sasa variateri inaipandisha mota taratibu kutoka sifuri. Unasimama kando ya jenereta na husikii feni imeanza lini. Mikanda nayo imeacha kupiga kelele.

Bili pia imeshuka, ila lazima mtu aelewe inashukaje. Umeme unaoliwa na feni hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: ukitoka hezi 50 hadi 40, hewa inapungua sehemu moja ya tano, lakini umeme unakaribia nusu. Asubuhi za Juni na Julai, kwa baridi yetu, hata 40 ni nyingi. Oktoba ni habari nyingine.

Waliotufungia (siwataji) waliacha vibati vya kubana hewa ndani ya mifereji vimefungwa nusu kama zamani, na variateri ikikimbia hezi 50 kutwa. Hapo hakuna faida yoyote, maana unalipia hewa unayoizuia mwenyewe. Tulivifungua, tukaweka kipima shinikizo kwenye mfereji ili variateri ijiongeze na kujipunguza yenyewe. Hilo ndilo lililoleta tofauti.

Ukinunua, kumbuka mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi. Kupita mita 1,000 hewa nyepesi haipozi vizuri, na watengenezaji wengi hupunguza uwezo wa kifaa kama asilimia 1 kwa kila mita 100. Usichukue kile kinacholingana na mota kwa kubanana. Halafu vumbi: kiangazi, mapezi ya alumini nyuma ya variateri huziba kwa udongo mwekundu hadi huoni nafasi kati yake. Chagua yenye kasha la IP55 (linalokinga vumbi na maji ya kurushwa), au iweke kwenye kabati lenye chujio, na chujio lisafishwe.

Mwambie fundi awashe pia mpangilio wa kuidaka feni ikiwa bado inazunguka. Bila huo, variateri yetu ilikuwa ikijizima kila umeme uliporudi haraka. Na asifungue kifuniko mara tu baada ya kuzima, kwa sababu kondensa za ndani (vifaa vinavyohifadhi umeme) hubaki na volti zaidi ya 500. Muda wa kungoja umeandikwa kwenye kifuniko. Angoje, kisha apime kabla ya kugusa.