Ukumbi katika kiwanda cha zamani: mwanga mzuri, sauti bado

Jumamosi moja ya Aprili nilihudhuria hafla ya kughani mashairi katika Eneo la Viwanda, Nairobi, ndani ya kiwanda cha zamani cha sabuni ambacho siku hizi hukodishwa kwa arusi, maonyesho na makongamano. Wapenzi wa sanaa wamezoea njia za huko tangu mwaka wa 2003, Kituo cha Sanaa cha GoDown kilipofunguliwa Barabara ya Dunga katika ghala lililokuwa la kukarabati magari. Katika ukumbi huu, vipande viwili vya reli bado vimelala sakafuni pale mabehewa yalipoingia kupakia mizigo, na nawapongeza waliokarabati jengo kwa kutovifunika kwa vigae.

Kilichonivutia zaidi ni mwanga. Paa lina umbo la meno ya msumeno, na upande wima wa kila jino una vioo vinavyotazama kusini. Kwa kuwa mwezi wa Aprili jua hupita kaskazini mwa Nairobi, tulikaa tangu saa nane mchana hadi jioni katika mwanga mwororo, bila taa kuwashwa wala mtu kukunja uso. Paa hilo lilibuniwa ili mfanyakazi aone vizuri kazi ya mikono yake, na sasa linamfaa msomaji mwenye karatasi mkononi. Ofisi ya nyapara, iliyoinuliwa juu ya ngazi ya chuma, imekuwa chumba cha fundi wa sauti.

Fundi huyo ana kazi ngumu. Mvua ilipoanza saa kumi, mabati yasiyo na dari yalinguruma hata malenga aliyekuwa jukwaani akarudia ubeti mmoja mara tatu, na ilipopungua, mwangwi wa kuta za mawe ukaendelea kumeza vina, ambavyo ndivyo sikio la mpenzi wa ushairi hungojea. Mapazia mazito kutani na sufi chini ya mabati vingesaidia sana bila kuziba vioo.

Vyoo ni safi na viti vinatosha. Asiye na gari apange usafiri wa kurudi mapema, maana usiku matatu huadimika.

Kwa maonyesho ya picha ningeukodi hata kesho. Kwa mashairi ningengoja kiangazi cha Januari, ingawa wakati huo jua huwa kusini, na vioo vile vitahitaji vitambaa.