Gari la Kulala la Kukodi, Nakuru hadi Kakamega: Linawafaa Wastaafu?

Kwa mzee na mkewe wanaozunguka kuwaona watoto Kericho, Kisumu na Kakamega, gari hili linafaa, kwa masharti. Lile lenye hema juu ya paa, achaneni nalo. Ngazi ile usiku wa manane si ya magoti ya wastaafu. Chukueni lenye kitanda ndani.

Udhaifu wake ni betri ya friji. Ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi), na ya kutumia ni nusu tu: ikizoea kushuka chini ya volti 12.1, hufa mapema. Friji ya wati 45, ikiwaka na kujizima karibu nusu kwa nusu, humaliza nusu hiyo kwa takriban siku moja gari likiwa limeegeshwa. Mkikaa kwa mwana siku mbili, daini chaja na waya mrefu wa stima kabla ya kulipa.

Tangi la maji la lita 60 likijaa ni kilo 60 zaidi, na kutoka Kericho kuteremkia Ahero breki hupata moto. Shukeni kwa gia ndogo, maji mjaze Kisumu. Uwanda wa Kano mvua ikinyesha, msiegeshe kwenye udongo mweusi, tafuteni murram.

Jiko? La kawaida, mtungi wa kilo 6.