Uzoefu wangu: Uluguru kwa siku moja na watoto, msimu wa vuli

Miguu bado inaniuma, lakini naandika leo kabla sijasahau, maana najua kuna mzazi Dar anayepanga kupeleka watoto Morogoro mwezi huu na anaangalia mawingu kwa wasiwasi kama nilivyokuwa mimi.

Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 7 na 11, na mama yangu aliyevuka 60. Tulitaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Zamani kwa basi, na foleni ya Kibaha ile, nisingethubutu. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 mambo yamekuwa mepesi: tulipanda ya asubuhi, daraja la kawaida, 13,000 kwa mtu mzima, na kabla safari haijatimiza saa mbili tulikuwa tunashuka. Watoto walikodolea macho kile kioo kinachoonyesha mwendo hadi kikagonga 160.

Huduma ninayotaka kuizungumzia ni ya kikundi cha vijana wanaopandisha wageni Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani lililo mlimani juu ya mji. Tulielewana kwa simu: 25,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto. Ndani yake kuna mwongozaji, chakula cha mchana, makoti ya mvua, na bajaji ya kutupokea na kuturudisha stesheni.

Tuliposhuka kwenye treni jua lilikuwa linachoma. Mlimani, wingu jeupe lilikuwa limekaa juu kama kilemba, kilele hakionekani. Mwongozaji wetu, kijana wa pale pale ambaye watoto walianza kumwita anko tangu kwenye bajaji, alimwamkia mama shikamoo, kisha akaniuliza simu yangu inasemaje kuhusu mvua. Nikamwambia inasema jua mchana kutwa.

"Hiyo ni ya mjini, mama. Mlima una yake."

Akatufafanulia njiani. Upepo wa Bahari ya Hindi unaugonga mlima upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, ndiyo maana huko kunanyesha sana. Upande huu wa mjini ni mkavu zaidi, ila wakati wa vuli wingu linaweza kuvuka mgongo wa mlima muda wowote na kuwashukia. Na mnavyopanda ndivyo baridi inavyoongezeka, kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mji uko kwenye mita 500 hivi, wakati kilele cha Kimhandu kinapita 2,600. Sisi hatukuwa tunakwenda mbali hivyo, lakini masweta niliyobeba huku mume wangu akinilalamikia uzito wa begi, yalivaliwa yote.

Hapa niseme kasoro ya kwanza. Makoti ya mvua yalikuwepo, lakini yote ya watu wazima, wakati kwenye simu nilitaja umri wa watoto mara mbili. Mdogo koti lake lilimfika kwenye vifundo vya miguu, akawa analikanyaga kwenye mawe. Anko alilikunja na kulifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Ilisaidia, lakini kwenye njia yenye utelezi hilo si jambo dogo.

Njia yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Unapishana na akina mama wanaoshuka na karoti na kabichi kichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu, wanatembea haraka kwenye mteremko ambao sisi tunaupanda tukihema. Mama alisimama na kila mmoja kusalimiana, na hakuna aliyempita bila kujibu. Sehemu fulani anko akatuonyesha mashamba kwenye mwinamo mkali, akasema Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, hadi watu wakachoka na kugoma, na mwaka 1955 kukawa na vurugu kubwa Matombo. Mwanangu mkubwa, ambaye darasani historia humwingia huku na kutokea kule, alimuuliza maswali mpaka pumzi zikamwishia.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Watoto walikuwa wameahidiwa kijiporomoko kilicho huko juu, na kukifikia lazima uvuke kijito. Tulifika kwenye kijito jua likiwa limetoka tena, tumeshavua makoti, maji yanafika chini ya magoti. Mimi nilikuwa nimeshakunja suruali. Anko akatuzuia kwa mkono. Akachuchumaa, akachota maji kwa kiganja, akawaita watoto waangalie. Yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake vipande vya majani na vijiti vidogo. "Dakika kumi zilizopita haya yalikuwa meupe," akasema. "Huko juu kunanyesha. Hatuvuki."

Mdogo alilia. Kusema kweli hata mimi niliumia, nimelipa, jua linawaka, maji yenyewe madogo. Anko hakubishana na mtu. Alitupandisha kwenye jiwe kubwa mbali na kingo, akatuambia tusubiri. Haikupita robo saa kijito kikaanza kunguruma, maji yakawa mekundu, na lile jiwe bapa tulilokuwa tukanyage wakati wa kuvuka likafunikwa kabisa. Mama yangu alimshika mkono yule kijana akambariki. Mume wangu hakusema kitu, alimbeba mdogo tu na hakumshusha tena hadi tulipofika kwenye nyumba tuliyokula mchana.

Kama unatafuta mwongozaji, muulize swali hili kabla ya kulipa: ni lini mara ya mwisho ulirudisha wageni njiani? Akikuambia hajawahi, usimpe watoto wako.

Mvua ilitukuta baadaye, nene na ya baridi, na tulijisitiri kwenye nyumba ya familia ambayo kikundi kinapikia wageni. Hapo ndipo ilipokuwa raha ya safari kwangu. Magimbi ya kuchemsha yametolewa jikoni yanafuka moshi, mboga za majani, chai ya rangi ya tangawizi, sisi tumezunguka mafiga huku soksi zikikauka. Mdogo, machozi yamekauka, akauliza yale maji mekundu yanakwenda wapi. Mwenye nyumba akamjibu: yanashuka mjini, yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayokunywa Dar. Mdogo akanigeukia: "Mama, yale ndiyo ya bombani kwetu?" Nimeishi Dar miaka yote na sijawahi kuufikiria msitu ule kama sehemu ya nyumba yangu. Tangu siku hiyo nikifungua bomba nauona.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya makoti. Bajaji ya kuturudisha ilichelewa dakika arobaini, simu ya dereva haipatikani, na treni haimsubiri mtu. Anko ndiye aliyekimbia barabarani kutafuta nyingine, tukafika stesheni milango ikikaribia kufungwa. Niliwaeleza kwa ujumbe usiku ule, wakaomba radhi na kunirudishia nauli ya bajaji. Bado, ukiwa na watoto, panga bajaji yako mwenyewe na kata tiketi ya treni ya baadaye kidogo.

Nawapa nyota nne. Nyota iliyokosekana ni ya makoti na bajaji. Kwa mwongozaji peke yake ningetoa zote tano. Vaeni raba zenye meno, kandambili ziacheni nyumbani. Bebeni masweta hata kama Dar mnatoka jasho, nguo za kubadilisha za watoto kwenye mfuko wa nailoni, na vitambulisho kwa ajili ya treni. Kwa mujibu wa anko, kijito kinavukika vizuri kiangazi, Juni hadi Septemba. Tumeshaweka miadi naye Julai, na safari hii makoti ya watoto nimenunua mwenyewe Kariakoo.