Sanduku la slaidi za mgawanyiko wa seli: nyota nne, ila karatasi yake ya maelezo iwekeni kando

Nafundisha Biolojia kidato cha tano na sita hapa Iringa, na kwa miaka mingi mgawanyiko wa seli nimeuchora ubaoni kwa chaki. Mwezi uliopita nikajikaza, nikaagiza sanduku la slaidi zilizokwisha kuandaliwa kutoka duka moja la vifaa vya maabara, Kariakoo. Slaidi 10 kwa shilingi 95,000, na hela ya kifurushi cha basi juu yake. Mzigo ulifika kesho yake asubuhi, kila slaidi kwenye mfereji wake, hakuna kioo kilichopasuka. Kwenye huduma sina neno.

Slaidi nyingi ni zile tulizozizoea, ncha ya mzizi wa kitunguu na wenzake, na rangi imeshika vizuri. Iliyonifanya niandike ni moja tu: kiinitete kichanga cha samaki wa jamii ya samoni, kimekatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi ya zambarau iliyokoza. Anza na lenzi ya 10, utaona mashada ya seli. Panda hadi ya 40, tembeza slaidi polepole kuelekea pembeni, na utafika kwenye seli yenye umbo la namba 8: kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, zimeshajikusanya huku na huku, na katikati utando umebonyea kwa ndani pande zote mbili. Nilinyamaza kidogo. Kitu nilichokichora mara mia, nilikuwa sijawahi kukiona kikiwa kweupe namna hiyo.

Binti mmoja akainua macho kutoka kwenye hadubini akaniuliza, "Madam, sasa hapo katikati nini kinabana?"

Swali zuri kuliko lolote la muhula huu, na hapo ndipo karatasi ya maelezo iliyokuja na sanduku inapoharibu. Imechora pete kama mpira wa kufungia noti, unaozidi kuwa mnene kadiri unavyojikunja. Sivyo. Chini tu ya utando, seli inapanga nyuzi za protini iitwayo aktini kuizunguka kiuno, na kati ya nyuzi hizo kuna protini nyingine, miosini, ndugu wa ile inayokaza misuli ya mkono wako unapoinua ndoo. Miosini hutumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuzivuta nyuzi zipishane, pete inapungua, na kwa kuwa imeshikamana na utando, utando nao unafuata ndani. Lakini pete hainenepi. Inavyojibana ndivyo nyuzi zake zinavyofumuliwa, sehemu kwa sehemu.

Niliwatoa wanafunzi sita nje, wakasimama duara, kila jozi ya majirani ikiwa na kamba kati yao. Nikawaambia kila mmoja avute kamba ya jirani mkono kwa mkono, na kinachozidi akiachie. Duara likasinyaa mpaka mabega yakagusana, na kamba zikawa zimelala chini miguuni. Hapo hakuna aliyehitaji mchoro wa mpira.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: karatasi hiyo hiyo imechora pete ndani ya seli ya kitunguu. Kitunguu kina ukuta mgumu, hakibanwi kiuno. Vifuko vidogo kutoka Golji, sehemu ya seli inayofungasha na kusafirisha vitu, hujipanga katikati na kuungana, kizuizi kikaanza kujengwa kutoka ndani kwenda nje hadi kikutane na ukuta. Na slaidi yao wenyewe ya kitunguu inaonyesha hivyo! Mwanafunzi akiifuata karatasi kwenye mtihani, alama zimekwenda.

Halafu kuna mshale kwenye picha ya samaki ulioandikwa kwamba hapo ndipo pete inapoonekana. Jamani, tabaka la pete lina unene wa takriban mikromita 0.1 hadi 0.2 (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita), na hadubini ya mwanga inaishia kwenye mikromita 0.2 hivi. Tunachokiona ni kibonyeo, yaani kazi ya pete. Nyuzi zenyewe zilionekana kwa hadubini ya elektroni, mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mtafiti Thomas Schroeder alipochunguza mayai ya wanyama wa baharini.

Kitu ambacho hakuna slaidi ingeweza kukionyesha ni namna seli inavyojua pa kubana. Hiyo nawasimulia kupitia jaribio la mwanabiolojia Ray Rappaport la mwaka 1961: alilibonyeza yai la mnyama wa jamii ya urchini wa baharini kwa kijipira cha kioo likawa kama kitumbua chenye tundu, na mbano ukatokea hata mahali ambapo hapakuwa na kromosomu katikati. Kumbe amri inatoka kwenye mikrotubuli, vijibomba vyembamba vya protini ndani ya seli. Leo tunajua mojawapo ya swichi zake ni protini iitwayo RhoA, inayowashwa pale kwenye kiuno tu.

Nilimpigia muuzaji kumweleza yote haya. Alinisikiliza bila haraka: "Mwalimu wangu, niandikie, karatasi nitaibadilisha." Nimemtumia kurasa mbili.

Nimemwomba na kitu kimoja zaidi. Pete hii imechunguzwa sana kwenye chachu iitwayo Schizosaccharomyces pombe, na hilo "pombe" ni neno letu hasa: mwanasayansi Paul Lindner aliitoa kwenye pombe ya mtama ya Afrika Mashariki, akaipa jina mwaka 1893. Maabara za dunia nzima zinalitamka neno la Kiswahili kila siku, na wanafunzi wangu hawajawahi kuiona chachu yenyewe. Muuzaji hana slaidi yake. Mwenye kujua inapouzwa hapa nchini aniambie, nitalipia leo.