Misimu mitatu na mifuko ya kinga njaa

Ninaishi Kongwa, mkoani Dodoma, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa, na tangu niolewe hapa nimehifadhi mahindi kwa kila njia: kihenge, magunia na dawa ya unga, hata majivu. Huu ni msimu wa tatu natumia mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka iitwayo PICS, yenye tabaka tatu.

Adui yetu ni dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Huku tunamwita Scania, kwa nguvu zake kama za lori. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukiweka sikio kwenye gunia mwezi wa tisa unamsikia akitafuna, kama manyunyu juu ya majani makavu. Ukifungua, mkono unatoka mweupe kwa unga, na punje ulizopura mwenyewe zimebaki maganda. Kwa kumwogopa yeye tulikuwa tunauza Juni, kila mtu akiuza na bei iko chini kabisa, halafu Februari tunanunua mahindi ya kula debe kwa debe, kwa bei ya kuliza.

Bibi shamba wetu ndiye aliyetufundisha. Mifuko miwili ya nailoni nzito inakaa ndani ya mmoja wa nje uliofumwa kama gunia. Unajaza ule wa ndani kabisa huku unashindilia, unakamua hewa, unasokota mdomo, unaukunja na kuufunga kwa mpira. Kisha wa pili hivyo hivyo, kisha wa nje. Wadudu waliomo wanaimaliza hewa wenyewe. Hewa ikiisha wanaacha kula, mwili unakosa maji, wanakauka na kufa. Njia hii ilianzia kwenye kunde, kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliyeianza Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwangu mimi kubwa ni kwamba haina dawa. Zamani nilikuwa naosha mahindi mara tatu kabla ya kuyapeleka mashineni, na bado nikiwapa watoto uji roho ilikuwa haitulii.

Msimu wa kwanza nilipoteza mfuko mmoja kati ya mitano. Niliuziwa una tundu dogo kwenye kona, nami sikuukagua. Sasa kila mfuko naujaza upepo, nasokota mdomo, naukandamiza karibu na shavu. Nikihisi hata upepo mwembamba, naurudisha dukani siku hiyohiyo. Panya nao ni tatizo la kweli, maana tundu moja la jino linatosha kuharibu kazi yote. Naipanga juu ya chaga, mbali na ukuta, na sakafu naifagia kila siku isibaki punje ya kuwaita.

Na jamani, msifunge mahindi mabichi! Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, na mfuko hauwezi kuondoa sumu iliyokwisha kuingia. Mimi naanika juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kisha napima kwa chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi kiasi, chumvi kavu kidogo, natikisa na kuiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudi juani.

Kilio changu ni bei. Nilinunua mmoja kwa shilingi 5,000, mara kadhaa ya gunia la kawaida. Usipotoboka unautumia tena msimu wa pili na wa tatu, kwa hiyo hela inarudi, lakini anayeuhitaji zaidi ndiye asiye na kitu mwezi wa sita. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vingekopesha mifuko wakati wa mavuno, mtu akalipa Februari akishauza.

Februari iliyopita nilifungua mfuko wa mwisho, mama mkwe amekaa mlangoni. Alichota kiganja kimoja, akakisogeza kwenye mwanga, akawa anageuza punje moja moja kutafuta tundu. Akaninusisha.

"Mama Neema, haya umenunua wapi?"

Nikamwambia ni ya shamba letu la bondeni, tuliyovuna Juni.